Kifundo Kilichotaka Kuniharibia Harusi

Katika boma letu la Lopur mimi ndiye wa kwanza kuleta diploma. Nilijisomesha mwenyewe kwa kubeba saruji Nairobi, na mwishoni mwa 2012 nikarudi na viatu vyenye ncha, saa ya mkononi na mpango wa kuoa. Baba alikuwa ameshaelewana na wakwe. Ilibaki siku yenyewe, ambapo bwana harusi humchoma fahali mkuki nyumbani kwa bibi harusi, akisimama kwa miguu yake mwenyewe, watu wakitazama. Akishindwa, hakuna harusi.

Jioni moja vijana wakacheza edonga, ngoma yetu ya kuruka. Nami niliingia. Niliruka juu kuliko wote, na hilo hata wasionipenda hawabishi. Kutua ndiko kulikonishinda. Ncha ya kiatu ilizama mchangani, kifundo cha mguu kikalia kama kuni kavu inayovunjwa.

Boda boda ilinifikisha Kakuma, gari likanipeleka Lodwar, nikapigwa picha.

"Umevunjika," daktari akasema. "Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

"Nilikuwa nacheza."

Alicheka mpaka alipomaliza kunifunga plasta.

Waliniagiza nilale mguu ukiwa juu. Nyumbani mito ya kulalia hatuna. Baba akaleta ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku. Mwanamume wa kwetu haachani nacho. Mimi mwanawe sikuwahi hata kukigusa. Akakisukuma chini ya kisigino changu.

"Na wewe utalalia nini, Baba?"

"Mkono. Wenyewe haukuvaa viatu vya Nairobi."

Plasta ilipotolewa, 2013 ilikuwa imeingia. Lodwar nzima ilizungumzia serikali mpya ya kaunti, mimi nikazungumzia kifundo. Mguu ulikuwa umekonda kama wa mbuzi wa kiangazi. Mtaalamu wa mazoezi alinitaka niandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kila siku. Baba akaketi kunitazama.

"Unaandika nini?"

"A, B, C."

"Hizo si ulishasoma? Andika ng'ombe wangu."

Basi nikaandika: mwekundu, mweusi wa madoa, mweupe wa pembe zilizopinda. Akirudi kutoka malishoni ananihoji, na nikimsahau mmoja naanza kundi zima upya. Sijui kifundo kingine kilichosomeshwa hivyo.

Siku ya harusi nilifika bila magongo. Kaka wa bibi harusi akautazama mguu wangu.

"Shemeji, tumfunge fahali kamba?"

"Mwacheni."

Nilirusha mkuki mara moja tu. Fahali akaanguka, wanawake wakapiga vigelegele, na duara la edonga likaanza kuundwa. Nilikuwa tayari nimeinua kisigino Baba aliponifikia, ekicholong mkononi. Akaiweka nyuma yangu.

"Kaa chini, mwenye diploma."

Nikaikalia mbele ya wakwe wote. Yeye akasimama kando yangu, ameegemea fimbo, na kila alipopita mtu akaninyooshea kidevu: huyu ni wangu.