Aliyewakalisha Pamoja Watu wa Miti na Watu wa Ng'ombe

Wasomaji wangu, wiki hii nilipanga kuwachekesha, lakini habari ilinikuta nyuma ya nyumba hapa Nyasho, mikono imejaa udongo, najaza viriba vya miche. Simu ikaita, na mtu wa Bunda akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama wa shirika ametutoka." Nikakaa palepale juu ya rundo la mchanga. Hakuwa ndugu yangu wala bosi wangu. Tulifahamiana kwa kazi tu, tukikutana tunacheka, tunaachana. Ila kuna watu ukiwafahamu kidogo tu, wanakuwa wamekubadilisha sana. Aliugua muda mfupi, tukamzika nyumbani kwao Butiama, na mimi bado nina maneno.

Alikuwa mratibu wa shirika dogo lenye ofisi ya vyumba viwili pale Bunda. Kazi yao ni kuwakutanisha wakulima, wafugaji, wapanda miti na watafiti, wajaribu mbinu mpya pamoja kwenye mashamba ya wanakijiji wenyewe. Mkutano wao wa kwanza nilienda nikitegemea soda na posho, nisiwafiche. Nikamkuta amekaa kwenye benchi katikati ya watu, anamenya karanga. Nikamuuliza, "Mama, mwezeshaji yuko wapi?" Akanisogezea karanga. "Mwezeshaji ni yule mtu usiyepatana naye huko kwenu. Umekuja naye?" Nikasema nimekuja peke yangu. "Basi umekuja nusu, mwanangu. Kula karanga, siku nyingine uje mzima." Utaratibu wake ulikuwa wa ajabu: siku ya kutembeleana mashamba hakuna aliyeruhusiwa kueleza shamba lake. Unaeleza la mwenzako, na mwenzako anakusahihisha mbele ya watu. Hapo ndipo unagundua miaka yote ulikuwa unapita kwa jirani bila kuona kitu.

Niwape mfano mmoja. Kwenye kijiji kimoja cha Butiama kuna mama mjane aliyepanda miti ya mbao katikati ya mahindi yake, akitaka siku moja apaue nyumba kwa mbao zake mwenyewe. Sasa kule, ukishavuna, shamba linakuwa la ng'ombe wa kila mtu. Ndiyo desturi, hakuna anayebisha hodi. Kila kiangazi kundi linaingia kula mabua, na likimaliza mabua linapitia na miche. Alipanda, wakala. Akapanda tena, wakala tena, na ule ubao ulioandikwa "Shamba la Majaribio" wakaufanya wa kujikunia mgongo. Mwenye kundi kubwa kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, kwa hiyo ugomvi uliingia mpaka jikoni. Wengi wetu kwenye kikundi tulitaka shemeji apelekwe kwa mtendaji, alipe faini, yaishe. Mama wa shirika akakataa. Akamwomba mjane ashinde malishoni na ng'ombe wa shemeji, na shemeji ashinde akichota maji ya kumwagilia miche. Baada ya hapo kila mmoja amsemee mwenzake, aeleze shida za mwenzake kama zake.

Siku ya kusemeana ilipofika, shemeji alisimama ameshika kiuno. "Miti ya huyu mama inakunywaga maji kuliko madume yangu," akasema. "Nimechota mpaka nimesahau jina langu. Halafu mtu ahangaike hivi wiki hadi wiki, mimi nilete kundi limalize kwa dakika moja... aah, jamani."

"Endelea, shemeji, mbona unameza mate?" mjane akamchokoza.

"Nyamaza wewe, zamu yako inakuja."

Zamu yake ilipokuja, mjane hakucheka. Alisema siku ile alizunguka na kundi tangu asubuhi, kila bonde limelimwa, upande wa Buhemba kila kilima kina mashimo ya dhahabu, na jioni ndama mmoja alilala njiani kwa njaa. "Mimi nilikuwaga najua ni jeuri," akasema. "Kumbe hana pa kwenda." Ndipo mtafiti akapata nafasi ya kuuliza kama mabingobingo, yale majani marefu ya mifugo, yangeweza kupandwa mpakani. Wakakubaliana: wafugaji watakata majani na kubeba, ng'ombe hawaingii. Miti ikapumua. Leo imenifika kifuani, ingawa ng'ombe akiamua bado anaivunja kichwa.

Sasa mtaelewa kwa nini msibani nilishtuka. Mavuno yalikuwa ndiyo yameisha, mabua yamelala shambani. Chini ya turubai niliwasikia wafugaji wakinong'ona kwamba makubaliano yalikuwa ya marehemu, kwa hiyo mwaka huu warudi kwenye kawaida. Mjane naye alisikia. Hakusubiri Bunda walete mtu mwingine. Tulipomaliza matanga aliwaita mwenyewe, pale pale mpakani, nami nikaenda.

"Mabingobingo yako mwaka jana yalikauka mapema," mfugaji mmoja mkali akamwambia. "Ng'ombe wetu wale makubaliano?"

"Kweli yalikauka. Sibishi."

Nikajua makubaliano yamekufa. Mjane akatazama miti yake, akamgeukia tena yule mkali. "Baba, wewe unataka shamba au unataka mabua?"

"Mabua. Shamba lako nilipeleke wapi?"

"Basi njoo uyabebe. Yote. Mkokoteni usimame barabarani, watu waingie, ng'ombe wabaki nje. Sijawahi kuona mtu anakula mche."

"Huyu hapa anaweza!" shemeji akasema akininyooshea kidole, watu wakaangua kicheko. Yule mkali alicheka wa mwisho, lakini alicheka. Kesho yake asubuhi mabua yalitoka shambani juu ya vichwa vya watu, na miti ikabaki imesimama.

Wazo hilo halikuwa kwenye mradi wowote. Hapakuwa na mtafiti wala mratibu. Nimeona mashirika yanayofika na jibu tayari kwenye gari, na gari likiondoka jibu linaondoka nalo. Shirika la huyu mama lilituzoesha kukaa na tunayegombana naye mpaka kitu kipya kitoke, na mazoea hayo hatukuyazika Butiama.

Mimi nina ndoto ya kuona ufukwe wote wa ziwa kule Mugango una miti. Miaka yote nimekuwa nikigawa miche kwa wanaoipenda, tunapongezana, tunarudi nyumbani. Sasa nimejua pa kuanzia. Wiki ijayo naenda kwa wanaobanika samaki kwa kuni, wale wanaokata ninachopanda. Naenda mikono mitupu, bila mche hata mmoja, nishinde nao kwenye moshi mpaka niweze kuwasemea.