"Hatuna Kitu" Mbele ya Jogoo Mzima

Mwanangu, nakumbuka siku mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo alipoketi nyumbani kwa mama yangu, hapa hapa Ufipa, na hasira aliyoipata siku ile ninayo hadi leo. Andika ninavyosema, usinirembee.

Udugu wa Sumbawanga na mji wao, huu ambao nyinyi vijana mnauita wa miji dada, haukuzaliwa ofisini. Ulianza na mtawa mmoja wa Kizungu, muuguzi, aliyewazalisha mama zetu katika zahanati ya misheni mpaka akazeeka. Aliporudi kwao akawasimulia watu wake habari zetu, nao wakafunga safari kuja kutuona. Walipofika wakagawanywa nyumba kwa nyumba; aliyeletwa kwetu alikuwa binti wa kaka yake.

Mama alichinja jogoo, akasonga ugali wa ulezi, akajaza maharage bakuli pomoni. Kisha, kwa adabu ya kwetu, akapiga magoti na kusema, "Karibuni, wanangu. Hatuna kitu." Kila Mfipa anajua maana yake: umepikiwa vizuri, kula. Lakini katekista, aliyekuwa mkalimani, aliyafasiri maneno yale neno kwa neno. Yule binti akawatazama watoto mlangoni, akasukuma sahani, akasema chakula wapewe wao.

Mama akainuka. "Katekista, huyu anakataa chakula changu?"

"Anawahurumia, mama. Si umesema hamna kitu?"

"Na huyo jogoo ni nini, kiatu? Mimi nimekaribisha, wewe umeomba msaada! Mwambie shangazi yake amekula humu mpaka akanenepa. Na yeye asipokula, mimi sina ndugu huko kwao."

Katekista akaeleza upya, jasho likimtoka. Binti akaona haya, akaivuta sahani, akala kwa mkono, akaomba tonge jingine. Hapo ndipo mama akacheka.

Lakini katika nyumba nyingine hakukuwa na mama wa kukaripia. Wageni waliondoka wakiamini kweli hatuna kitu, na baadaye tukaletewa magunia ya unga wa mahindi. Unga, mwanangu! Sisi ambao mahindi yetu yanajaza malori!

Na wewe uliyesoma, jana nimekusikia ukijizoeza hotuba ya kuwapokea wageni wanaokuja: "Sisi ni watu maskini, tunaomba..." Tunaomba, tunaomba! Nani amekufundisha kumpokea ndugu kwa kilio? Wakizoea kutuhurumia, watachoka, na udugu aliotuachia yule mtawa utakufia mikononi.

Sikukatazi kuomba. Zahanati inahitaji kitanda cha kuzalia, kiseme waziwazi. Lakini kwanza walishe, waulize habari za wazee wao na za mavuno yao, uwafungie ulezi wa kupeleka nyumbani. Na unapowafasiria maneno yetu, usiondoke hapo mpaka uhakikishe kwamba mgeni ameelewa anakaribishwa nini.

Haya, nenda kaifute hotuba hiyo. Mungu akunyooshee kinywa, akulindie mashamba, na kila atakayevuka kizingiti chako aondoke akikuita ndugu.