Duara Lililobaki Tupu

Keti karibu, msikilizaji wangu, nikueleze polepole, maana jambo lenyewe si gumu. Linatisha kidogo tu.

Katikati ya galaksi nyingi kuna shimo jeusi linalomeza gesi. Gesi ikikaribia kumezwa hupata joto kali mno, ikatoa eksirei, miale ya aina ileile inayopiga picha mfupa uliovunjika. Mashimo niliyoyasoma mimi yako mbali kiasi kwamba darubini iliyoko angani, ikilikodolea moja siku nzima, huokota vijidoa vya miale hiyo vitano au sita tu. Tasnifu yangu ilikuwa na swali moja: je, shimo langu hubadilika, au huwaka vilevile mwaka hadi mwaka? Kama ningeshindwa kuonyesha mabadiliko, ningeanza mada nyingine na mwaka ungepotea.

Nilipanga chumba Mkonze. Mchana upepo ulisukuma vumbi chini ya mlango, nami nikihesabu vijidoa ndani ya duara dogo nililochora kulizunguka shimo. Sita. Vitano. Sita. Halibadiliki. Picha tatu hazikuwa na kitu ndani ya duara, nikaziona mbovu, nikaziweka kando.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipompigia simu mama, aliyeko kijijini kwetu Haneti. Baada ya shikamoo akanieleza kwamba ametoka shamba na hakuna mgeni aliyefika. Kabla ya kuondoka mama hufagia ua. Akirudi huzisoma nyayo. Nikamtania kwamba labda mgeni alipita akiruka.

"Kwani panzi huyo?" akasema. "Ua mtupu nao unasema, mwanangu. Ila uwe umefagiwa."

Nilikulia kwenye ua huo, na bado nilikuwa nimesahau.

Nikazirudisha zile picha tatu. Kwanza nikakagua kama darubini ilikuwa ikitazama kweli: ilitazama, kwa muda uleule wa siku nyingine. Majirani wote wa shimo langu, yale mashimo mengine ya picha ileile, walikuwapo, kila mmoja mahali pake. Katikati yao duara langu peke yake lilikuwa jeusi, kama kiti cha mtu aliyeinuka bila kuaga. Picha iliyofuata, vijidoa sita. Amerudi, ameketi palepale.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na nywele zikanisimama. Nikageuka kuutazama mlango.

Msimamizi wangu alitaka kujua kama ni shimo lililozimika au ni mimi niliyesinzia. Nilipomwonyesha saa ambazo darubini ilikuwa ikitazama, aliniambia niandike sura ya mwisho. Niliiandika. Lakini mpaka leo sijui kama gesi ilikatika, au kuna kitu kizito kilichopita mbele yake, kikasimama, kikaondoka.

Nawe ukikuta duara tupu, usilitupe. Hakikisha kwanza kwamba darubini ilikuwa ikitazama, kisha andika sifuri, na pembeni yake uandike tarehe.