Kadi ya Mchungaji Mutinda

Wacha niungame. Miaka ya tisini, mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta wa pekee Migwani, na nilijiamini kupita kiasi. Niliandikia kliniki ya kanisa programu ya kutafuta kadi za wagonjwa. Ukitafuta kwa namba na kadi haipo, ilijibu "hayupo." Ukitafuta kwa jina na kadi haipo, ilikuletea kadi ya jina linalokaribiana nalo.

Sista Mwikali, muuguzi wa pale, aliniuliza, "Mbona haijibu namna moja kwa namba na kwa jina?"

"Sista, watu hawapendi kuambiwa hakuna," nikamjibu.

Siku ya kuizindua, mbele ya waumini, niliandika jina la Mchungaji Mutinda, nikamwomba asome kadi yake kwa sauti. Sikujua kwamba hajawahi kutibiwa pale. Alivaa miwani, akasoma bila kufikiri: "Mutindi. Mjamzito, miezi miwili."

Watu walicheka. Kwenye benchi la nyuma, Mutindi wa kwaya, ambaye hakuwa ameolewa, aliinamisha kichwa. Mama yake akageuka polepole kumtazama. Na mimi nilikuwa bado nimeinua mkono, nikingoja makofi.