Kochi la Vifungo

Mwaka 2017 mume wangu alistaafu, nami nikaanza kuulizia mabati ya nyumba Morogoro. Tulikubaliana zamani, alipomaliza miaka yake ya uhamishoni kwetu Tanzania akanileta kwao Johannesburg: akiacha kazi tu, tunarudi. Kwa ahadi hiyo nyumba yetu ya Malvern niliiweka nyepesi miaka yote. Viti vya plastiki, meza ya kukunja, mapazia ya kusukumia siku. Wageni walinicheka, nikawaacha wacheke.

Basi siku moja akarudi kutoka Jules Street na pikapu ya kukodi, na juu yake kochi la Kiingereza, lile la ngozi ya kahawia, mikono imejikunja, mgongo umejaa vifungo. Muuzaji alimwambia mtindo huo haujawahi kuchuja tangu enzi za mababu. Mlangoni halikupita. Yeye na dereva wa pikapu wakang'oa miguu ya kochi, wapi. Wakang'oa mlango wangu.

Nilimpigia simu dada yangu Morogoro nikamwambia shemeji yake ameniletea vifungo ndani ya nyumba. Akashtuka, akauliza nani amefungwa, na ni miaka mingapi. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikakatika, maana hiyo miaka hata mimi sikuijua.

Wiki nzima sikulikalia. Nilipanguza, nikasimama dirishani, nikaenda uani bila sababu, nikarudi kupanguza. Vumbi linajificha kwenye kila kifungo, na kitambaa hakifiki mpaka ukisukumie kidole. Mume wangu alinitazama, akasema mama yake alipanguza kochi kama hilo kwa kidole hivyohivyo, kwenye nyumba ya wazungu alikofanya kazi, na hakuwahi kulikalia hata siku moja. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Nilimwonea huruma mama mkwe wangu, lakini hasira yangu haikupungua hata chembe.

"Tunarudi lini?" nikamwuliza.

Akachezea kifungo kimoja.

"Eish, mama. Kwenu mimi nilikuwa mgeni. Hapa mgeni ni wewe. Mmoja wetu lazima awe mgeni, na mimi zamu yangu nilishaimaliza."

Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nikaketi upande wa pili wa kochi. Na lilikuwa kochi zuri, jamani. Lilinipokea mgongo kuliko kiti chochote nilichowahi kukalia katika nchi hii, na uzuri huo ndio ulionimaliza. Nikalia, machozi yakadondokea kwenye mkono wa kochi.

Mume wangu akatoa leso. Akafuta ngozi kwanza, kisha mimi.