Sitini ya Mama Suzhen

Fang Suzhen alikuwa na mdomo, jamani! Asubuhi aliuza supu ya utumbo wa kondoo kichochoroni kwake Luoyang, na mteja aliyeomba chumvi alipewa chumvi na tusi juu yake. Mumewe alikwishafariki. Mwanawe wa pekee, Zhiyuan, aliuza vioo vya simu Guangzhou, na hakuwahi kuja hata mara moja siku ya kuzaliwa ya mama yake.

"Nitaikumbukaje, Mama? Inahamahama," alijitetea. Na kweli, Suzhen alifuata kalenda ya mwezi mwandamo kama wazee wote: mwezi wa nane, tarehe nane, ambayo kwenye kalenda ya serikali haitulii mahali pamoja.

"Na sikukuu ya mwaka mpya wa mwandamo je, haihami? Mbona ile huikosi, mlafi wewe!"

Kisha Zhiyuan akachumbia msichana wa Tashkent, Kamola. Suzhen akaapa mbele ya jirani yake, Bibi Miao: mwaka huu natimiza sitini, na asiyekuja siku yangu asahau baraka zangu za harusi.

Kamola alikuwa akijifunza Kichina kwa simu, mwalimu wake Suzhen mwenyewe, na somo la tarehe liligeuka vita.

"Tarehe tano, mwezi wa tatu..."

"Ala! Mlango upo, wewe wapitia dirishani? Mwaka kwanza, halafu mwezi, siku mwisho. Kubwa litangulie! Haya, saa."

"Saa mbili asubuhi."

"Asubuhi ndiyo ianze! Wataka watu waje usiku?"

Kamola akacheka. Suzhen akakata simu kwa hasira, kisha akapiga tena.

Basi Agosti, joto limekolea na foleni ya supu ni ndefu, Kamola akatokea na bakuli la tambi ndefu na maandazi yaliyofinyangwa kama pichi, vyakula vya kumtakia mzee maisha marefu. Zhiyuan, asiyeambiwa safari ni ya nini, alikuwa nyuma akiburuta begi, usingizi bado machoni. Kamola akasimama mbele ya watu, akataja mwaka, mwezi wa nane, tarehe nane, asubuhi, saa moja na nusu. Hakukosea popote.

"Mama, Mungu akupe umri mrefu!"

Maskini Kamola, tarehe aliiona kwenye kitambulisho cha Suzhen alipomkatia tiketi ya treni. Karani aliyemwandikisha Suzhen zamani alitajiwa tarehe ya mwezi mwandamo, akaiandika vivyo hivyo kana kwamba ni ya serikali. Siku yenyewe ilikuwa bado mwezi mzima na ushei.

Bibi Miao akaangua kicheko. "Dada Suzhen, mkweo kakosea mwezi! Si uliapa wewe?"

Kamola akaiva uso, machozi yakamlengalenga.

"Siku ya mzee huwahishwa, haicheleweshwi," Suzhen akafoka. "Hata mtoto ajua hilo. Funga domo unywe supu!"

"Lakini Mama, si leo," akadakia Zhiyuan, mjuaji. "Ni mwezi wa nane wa mwandamo. Mimi siku yenyewe naijua."

Suzhen akageuka polepole. "Kumbe waijua?"

"Naijua."

"Miaka yote hii?"

Zhiyuan akalivuta begi lake karibu.

Suzhen akavua aproni, akamtupia kifuani. Akamkalisha Kamola karibu yake, akaanza kula tambi, na machozi yakamtiririka hadharani bila aibu.

"Huyu hakujua, akaja," alisema. "Wewe ulijua. Haya, shika upawa, watu wanangoja supu."