Nilimuongezea Kifungo kwa Kidole ya Mama

Makosa ni yangu, nasema mapema ili mutu asinihurumie bure. Nilifanya mutu akae mu gereza miaka tatu zaidi, na nilitumia mama yangu bila yeye kujua. Mukiniuliza kama hasira imeisha, siwezi kuwadanganya. Haijaisha.

Petit frère yangu, mudogo wangu Pascal, alikuwa fundi wa viatu ku soko ya Kadutu. Siku moja mchana akagombana na fundi mwenzake, Bahati, juu ya nafasi ya kuweka meza. Bahati akamusukuma. Pascal akaanguka ku ngazi za mawe, kichwa ikapiga chini. Siku ya tatu akakufa. Alikuwa na miaka makumi mbili na sita!

Tribinali ikamupa Bahati miaka munane. Nilitoka pale na furaha, Mungu anisamehe. Nilihesabu: atatoka mutoto wangu wa kwanza akiwa amemaliza sekondari. Niliona munane ni munane.

Miaka mbili ilikuwa karibu kuisha wakati avocat moja, mutu wa sheria mwenye kukuja mara na mara ku ofisi ya ONG, shirika yenye ninatumikia pale Muhumba, aliniuliza habari ya ile kesi. Nikamuambia Bahati anabakiza sita. Akatikisa kichwa. Akanieleza kama ku sheria yetu, mufungwa mwenye mwenendo muzuri anaweza kuomba kutoka kwa masharti akisha kufanya robo tu ya kifungo. Le quart.

"Munane gawanya kwa ine," akasema. "Huyo mutu hesabu yake iko karibu."

Miaka mbili juu ya Pascal! Viatu vya wateja wake vilikuwa bado nyumbani mu mufuko, hakuna mwenye alikuja kuvichukua.

Nikauliza nini inaweza kuzuia. Akasema wakubwa wanaangalia pia kama mutu akitoka ataleta hatari kwa familia ya marehemu. Hakujua kama alikuwa ananipa kisu.

Wiki ile ile nikaandika barua kwa parquet, ofisi ya prokireri mwenye kushitaki watu, na Kifaransa chenye mama alinisomesha kwa kuuza mboga. Niliandika kama ni yeye anasema: Bahati anatuma watu kututisha, ameapa kumaliza familia yote. Uongo mutupu. Mama hajui kusoma. Nikamupelekea karatasi jikoni, alikuwa anaponda sombe, majani ya muhogo, nikasema ni karatasi ya parcelle yetu, kiwanja chenye tunakaa. Akapangusa kidole ku kikwembe chenye alikuwa amevaa, akachovya mu wino, akaweka alama. Aliuliza tu kama parcelle iko salama. Nikaitika.

Ombi ya Bahati ikakataliwa. Siku nilisikia, nilichinja kuku. Mama akauliza ni sikukuu gani. Nikasema kazi imeenda muzuri.

Chenye sikujua ni hii: wamama wa parokia ya mama yangu walikuwa wanapeleka chakula mu gereza kila dimanche, na miezi mingi mama alikuwa anamulisha Bahati kwa mukono wake mwenyewe. Alimusamehe bila kunielezea, juu alijua nitapiga kelele.

Bahati njo alimuambia mama habari ya barua. Walikuwa wamemusomea sababu ya kumukatalia. Akamuuliza mama, kwa heshima, juu ya nini anamuletea bugali na huku anaandika vile.

Mama akarudi nyumbani, akaniita jina yangu ya ubatizo. Hakuketi.

"Ile karatasi ya parcelle, ilisema nini?"

Nikasema yote. Nikajaribu kumuambia nilifanya vile juu ya Pascal.

"Pascal nilimuzika," akasema. "Huyu Bahati njo nilikuwa natafuta atoke. Weye ulinikamata mukono, ukaniingiza mu uongo mbele ya Mungu."

Alienda mwenyewe ku parquet kufuta ile maneno. Wakamuambia alama ni yake, na mwenye kushitaki mutu kwa uongo anaweza kufungwa yeye mwenyewe. Wakamuuliza nani aliandika. Hakunitaja. Alinikinga, mimi! Barua ikabaki mu dossier ya kesi ya Bahati. Mwezi uliofuata akafunga vikwembe vyake, akaenda kukaa kwa dada yake ku Bunyakiri.

Bahati ametoka mwaka huu, aliomba tena wakakubali, akisha kufanya miaka tano. Alikuja nyumbani. Amekonda, anakohoa. Akaniita "grande sœur", dada mukubwa, akasema anatafuta mama amushukuru. Hakujua ni mimi mwenye kuandika ile barua. Na mi nikiwa nimeshika mulango, unajua niliwaza nini? Kama inabakia miaka tatu ya ile munane. Nilimuangalia anapumua na Pascal hapumui, na nilizitaka zile tatu.

Nikamuambia mama iko Bunyakiri. Sikumuambia kitu ingine.

Mama anapokea simu yangu. Anauliza habari ya watoto, anawabariki. Nikimuomba arudi, anasema mvula inanyesha, hasikii vizuri.

Weye mwenye unasoma, kama walikuulia mutu na unaona miaka yenye muzuzi, hakimu, alitoa ni kidogo, enda ulalamike kwa jina yako, useme ukweli, ata kama haikutoshe. Mimi nilitaka munane kamili. Nilipata miaka tatu ya nyongeza. Pascal hakurudi, na mama naye sinaye tena.